Aliyekuwa Anafunua Kurasa

Usimwone Upinde amekaa pale mbele, suti nyeusi imenyooka na viatu vinang'aa, ukadhani ni mtu aliyetulia. Wapi! Roho ilikuwa inamuuma. Na haikuanza kumuuma jana wala juzi. Ilianza miaka minane nyuma, siku aliyompa shemeji yake kijiti kwa mdomo wake mwenyewe, tena kwa mzaha, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Tuanze hapo basi, maana mwenyewe ukimuuliza atakwambia ana haraka.

Upinde ni jina la utani. Walimpa wenzake kwa kuwa ndiye mkuu wa violini katika okestra ya mji, na mkuu wa violini, kwa asiyejua, ndiye anayekaa kiti cha kwanza kushoto kwa mwongozaji, pale ukingoni mwa jukwaa ambapo hata mwenye macho mabovu atamwona. Wapiga violini wengine kumi na wanne humtazama yeye. Upinde wake, ule mti wa kusugulia nyuzi, ukipanda, na wao wanapanda. Ukishuka, wanashuka. Kiti hicho alikipata akiwa na miaka thelathini na mmoja, na tangu hapo hajawahi kukaa na mgeni nusu saa bila kukitaja.

Sasa, violini hukaa wawili wawili, stendi moja ya nota kwa watu wawili, isipokuwa wa mwisho kabisa anayebaki peke yake. Wa upande wa watazamaji kazi yake ni kupiga tu. Wa upande wa ndani anapiga, lakini ukurasa ukifika mwisho anaacha, ananyoosha mkono, anafunua, kisha anawahi kurudi kwenye muziki kama vile hakuondoka. Kwa miaka kumi, aliyemfunulia Upinde kurasa alikuwa mwanamume mmoja mwembamba, mpole, ambaye ukimkanyaga yeye ndiye anaomba radhi. Alifunua vizuri mno. Hakuwahi kuchelewa, hakuwahi kuangusha karatasi. Alipokuja nyumbani kwao na wazee wake kumposa dada mdogo wa Upinde, Upinde hakuwa na neno. Mtu anajua nafasi yake, akasema, mtu kama huyo hatasumbua ukoo. Ndivyo jirani wa stendi alivyogeuka kuwa shemeji.

Siku yenyewe ilikuwa ya mazoezi. Mzee aliyekuwa mwongozaji wao alibanwa na mgongo asubuhi, hawezi kusimama hawezi kukaa, akarudishwa nyumbani. Meneja akaingia ukumbini na kile kijiti cha mwongozaji mkononi, akaja moja kwa moja mpaka kwa Upinde. "Mkuu, panda wewe. Leo tu."

Hapa nitasema jambo ambalo Upinde hajamwambia mtu, hata mkewe. Aliogopa. Ukikosea violini, mtu mmoja amekosea. Ukikosea pale juu, watu sitini wanakutazama wakiwa na vyombo mikononi, wanasubiri uwaambie kitu. Lakini atasemaje kwamba ameogopa, na yeye ndiye mkuu? Akajichekesha.

"Mimi mikono yangu ina kazi ya maana," akasema. "Kupunga hewa mpeni huyu shemeji yangu. Si amezoea? Kila siku mkono wake mmoja uko hewani anatafuta ukurasa."

Watu waliangua kicheko! Mpiga tarumbeta alikohoa mpaka akapigwa mgongoni. Shemeji naye akacheka kidogo, akaweka violini yake kwenye sanduku, akafunga vifungo viwili, akapanda. Mpaka wakati wa chai hakuna aliyekuwa anacheka tena. Muziki ule walioupiga miaka yote kwa mazoea ulikuwa umeamka. Mpiga mmoja wa selo, ile violini kubwa inayoegemezwa magotini, mwanamama asiyemsifu mtu, alisimama na kikombe chake akamwambia Upinde, "Huyu ulikuwa umemficha wapi?"

Hakurudi kwenye stendi tena. Mzee alimchukua akamfundisha, akamwandikia barua za kumpendekeza huku na kule, akaenda kusoma nje miaka mitatu, akaanza kualikwa. Leo yuko mji huu, mwezi ujao mji ule, magazeti yanamwandika kwa herufi nene. Mwanzoni Mama yake Upinde aliwaambia majirani kwamba mkwe wake ni kondakta, na majirani wakampa pole, wakidhani msichana wa watu ameolewa na mkata tiketi wa basi. Upinde alikuwepo, alisikia kila kitu, na hakusahihisha. Aliondoka pale na furaha iliyomdumu wiki nzima.

Lakini furaha hiyo haikufika mbali. Sebuleni kwa Mama, juu ya televisheni, pale palipokuwa na picha ya Upinde na violini yake, siku moja alikuta picha ya shemeji katika koti lenye mikia, mikono imenyanyuka, jasho linametameta. Yake imehamishiwa ukutani karibu na swichi ya taa. Kila anayewasha taa anamgusa usoni.

"Mama, hii picha mbona imehama?"

"Pale jua lilikuwa linaipiga, mwanangu."

"Na ile ya mkweo jua haliipigi?"

"Ile ina kioo," Mama akasema.

Haya. Mwaka huu Mzee akastaafu, na bodi ya okestra ikatafuta mwongozaji wa kudumu. Walialika watu watatu kwa zamu. Wawili walikuja wakaondoka. Wa tatu, wa mwisho, alikuwa shemeji. Angekaa nao wiki mbili za mazoezi, waandae onyesho la Jumapili alasiri, kisha bodi ikae iamue. Akipata, Upinde atakuwa chini ya mkono ule mpaka astaafu, miaka kumi na mitano kamili. Akikosa, basi atabaki kuwa mgeni wa kupita kama wageni wengine, na kile kiti cha mbele kushoto kitabaki kuwa kitu kikubwa zaidi ambacho ukoo ule uliwahi kukikalia katika okestra ya mji. Upinde aliyapiga mahesabu hayo akiwa bafuni, ndevu nusu zimenyolewa, na akajionea aibu, na hakuacha.

Dada yake alimjua. Alimpigia simu kabla ya wiki ya kwanza kuanza.

"Kaka, nina ombi moja tu. Tumechoka kuhamahama. Watoto wamebadilisha shule mara tatu. Violini ni zako, wakikufuata wewe wanamfuata yeye. Mshike mkono."

"Kwani lini nimemwangusha mtu?"

"Sijasema hivyo."

"Basi usiniombe kama unamwomba askari."

Akakata simu akiwa amekasirika, na hasira yenyewe ilikuwa ya mtu aliyechunguliwa dirishani.

Mazoezi yakaanza. Shemeji aliingia na sweta la kawaida, akawasalimu wote, akamshika Upinde mkono kwa mikono miwili. "Shemeji, za siku? Nimefurahi kukukuta." Na alifurahi kweli, hilo ndilo lilikuwa baya. Laiti angeringa! Laiti angevimba kichwa hata siku moja, Upinde apate pa kumshikia. Mtu anakuja na upole ule ule wa zamani, anauliza hali ya goti la Mama, anakumbuka sukari ngapi unaweka kwenye chai, halafu anapanda juu na watu sitini wananyamaza bila kuambiwa. Enzi za Mzee, kunyamaza kulichukua dakika tano na matusi mawili.

Siku ya nne ndipo walipofika kwenye kile kimya.

Muziki waliokuwa wanauandaa ni mrefu, wa mtunzi wa zamani sana, na katikati ya sehemu yake ya polepole kila kitu kinasimama. Filimbi zinakata, selo zinakata, hakuna sauti. Juu ya nota kuna alama ya kusubiri, na alama hiyo haina hesabu. Huwezi kusema nitahesabu mapigo manne halafu nitaingia. Unangoja mpaka uitwe. Kisha violini zote zinaingia pamoja, juu kabisa, kwa sauti ndogo kabisa, na hapo ndipo watu ukumbini hutoa leso. Enzi za Mzee, kimya kile kilikuwa cha Upinde. Mzee alishusha kijiti, akafumba macho, akamwachia. Upinde alivuta pumzi puani, akainua upinde kidogo tu, na wale kumi na wanne wakaingia naye kama mtu mmoja. Miaka kumi na minane hivyo. Kama angeulizwa siku ya kufa ni wakati gani alijiona mtu, angetaja huo.

Walifika hapo, wakanyamaza, na Upinde akavuta pumzi. Kijiti kikagonga stendi, tak tak.

"Samahani," shemeji akasema. "Hapo, shemeji, naomba usiwaingize. Tusubiri zaidi. Nitawaingiza mwenyewe."

Alisema kwa upole. Alisema vile vile ambavyo angemwambia mpiga filimbi au mpiga ngoma. Lakini ukumbi mzima ulisikia, na Upinde akaona wazi wazi, haki ya Mungu aliona, mpiga tarumbeta akimkonyeza mwenzake.

"Sawa," akasema.

Wakarudia. Shemeji alikishika kile kimya kikawa kirefu, kirefu mpaka mtu anasikia saa yake ya mkononi, kisha akafungua vidole vitatu vya mkono wa kushoto, na violini zikaingia. Ilikuwa nzuri kuliko zamani. Upinde alisikia kwamba ni nzuri kuliko zamani, maana masikio hayana ukoo, na ndipo chuki ikamkaa vizuri kifuani.

Wakati wa chai wawili wa stendi ya tatu walimfuata pale kwenye birika. "Mkuu, tumeona. Haikuwa sawa. Sisi tuko nyuma yako, unajua."

"Ah, mambo madogo hayo," akawajibu, na akayaweka maneno yao moyoni neno kwa neno.

Mpango aliufikiria peke yake na hakumwambia mtu. Ulikuwa rahisi. Jumapili, katikati ya kimya, kabla shemeji hajafungua vile vidole, yeye atavuta pumzi na kuinua upinde kama miaka yote. Wale kumi na wanne wataingia naye, mazoea yana nguvu, wataingia kabla hawajafikiri. Shemeji ataachwa na mkono hewani, violini zimemkimbia mbele ya bodi nzima. Na kesho yake watu watasema nini? Watasema violini zilikosea? Thubutu! Violini kumi na tano haziwezi kukosea pamoja. Watasema mwongozaji hakuzishika.

Akalala vizuri siku hizo. Msimcheke.

Jumapili alasiri ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Bodi ilikaa safu ya pili, watu saba, mwenyekiti katikati na karatasi juu ya goti. Safu ya tatu alikaa Mama, kavaa nguo aliyovaa mara ya mwisho harusini, na dada yake pembeni, kaushika mkoba kama unataka kukimbia. Upinde aliwaona, akageuza uso, akaanza kukaza nyuzi zilizokuwa zimekazwa tayari.

Kando yake alikaa jirani yake wa stendi wa sasa, mwanamke wanayemwita Miwani, aliyejiunga miaka mitano iliyopita na ambaye yeye mwenyewe, Upinde, alimfundisha kufuata pumzi yake. "Usinitazame mkono," alizoea kumwambia, "nisikilize pua." Alikuwa mwanafunzi mzuri. Hajawahi kuingia nyuma yake hata siku moja.

Sehemu ya kwanza ikapita vizuri. Sehemu ya polepole ikaanza. Miwani akafunua ukurasa, akawahi kurudi. Filimbi zikapanda, zikashuka, zikakata. Selo zikakata.

Kimya.

Shemeji alisimama mikono imetulia usawa wa kifua, hatikisiki. Sasa, Upinde akajiambia. Akavuta pumzi puani, kwa nguvu, kama ya miaka kumi na minane. Akainua upinde. Akaingia.

Akaingia peke yake.

Violini moja, katika ukumbi wa watu elfu moja na mia mbili. Kwa pembe ya jicho aliona upinde wa Miwani umelala juu ya goti lake. Hakuwa amesita. Hakuwa hata amemsikia. Macho yake yalikuwa juu, kwa shemeji, na wa stendi ya pili macho juu, na wale wawili wa stendi ya tatu, wale wa "tuko nyuma yako", macho juu, midomo wazi kidogo, wanasubiri kuitwa. Mama wee! Kuacha hawezi, nota imeshatoka. Kuendelea hawezi, mkono umeanza kutetemeka na sauti nayo imeanza kutetemeka.

Akainua macho. Alikuwa hajamtazama shemeji yake usoni tangu siku ya nne.

Shemeji alikuwa anamtazama. Hakukunja uso, hakushtuka, hata bega halikucheza. Taratibu aligeuza kiganja cha kushoto kikawa juu, akakisogeza kuelekea kwa Upinde, kama mtu anayemkaribisha mgeni ndani. Endelea. Na kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine duniani cha kukishika, Upinde alikishika kiganja kile. Kilipokwenda alikwenda. Kilipopunguza alipunguza. Mtetemo ukaisha mkononi. Akapiga mstari wote wa kwanza peke yake, wa pili peke yake, sauti ndogo kabisa juu kabisa, na akaelewa, yeye aliyepiga violini miaka thelathini, ni raha gani waliyokuwa nayo wenzake wiki hizi mbili na yeye akakataa kuionja. Alipofika mwisho wa mstari wa pili, shemeji alifungua vile vidole vitatu, na kumi na wanne wakaingia chini yake, wakambeba.

Watu wakatoa leso. Mwenyekiti wa bodi alikuwa wa kwanza.

Kilichofuata hakukisikia vizuri. Alipiga alichopiga. Mwishoni makofi yalianguka, watu wakasimama safu kwa safu, na shemeji akashuka kutoka kwenye kile kijukwaa chake, shati limeloa, akaja kumshika mkono mkuu wa violini kama desturi inavyotaka. Alitabasamu kwa ajili ya watu. Sauti ilikuwa ya wao wawili.

"Shemeji. Upinde umekuteleza, siyo?"

Angeitikia tu, ingeisha. Neno moja, na lisingetajwa tena mpaka kaburini, anamjua shemeji yake.

"Haukuteleza," Upinde akasema.

"Najua." Shemeji hakuachia mkono. "Nilikaa kando ya mkono huu miaka kumi. Haujawahi kuteleza hata siku moja. Sasa simama, Mama anakutazama."

Akasimama. Makofi yakapanda maradufu, watu wanampigia yeye, yeye peke yake, na safu ya tatu Mama analia bila kujificha na dada yake ameuachia mkoba umeanguka chini. Upinde akainama. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko kawaida, na watu wakaona ni unyenyekevu.

Bodi haikuhitaji hata chai. Jumatatu asubuhi shemeji alipewa kazi, kura saba kwa saba, na mwenyekiti akataja hasa "ule ujasiri wa kuanza na violini moja".

Jumanne walirudi mazoezini, maana muziki ule ule ungepigwa tena Jumamosi. Upinde alifika mapema, ameshajiandaa. Alitegemea kuitwa ofisini. Alitegemea kuombwa ahame kiti, au asemwe mbele ya watu, na angalau asemwe apate pa kukasirikia. Shemeji aliingia na lile sweta lake, akasalimia wote, akafungua nota kwenye ukurasa wa kile kimya.

"Hapa nilikosea mimi," akawaambia. "Nimefikiri sana. Kimya hiki ni cha mkuu wa violini, kama zamani. Mimi nitashusha mikono. Shemeji, utawaingiza wewe, wote, utakapoona wakati umefika."

Watu waligonga sakafu kwa nyayo na stendi kwa pinde kumpongeza. Miwani alimgeukia akatabasamu. Haya, amerudishiwa! Si ndicho alichokitaka? Si ndicho kilichomnyima raha?

Wakapiga. Filimbi zikakata, selo zikakata. Shemeji akashusha mikono akafumba macho. Upinde akasubiri, akasubiri tena, kisha akavuta pumzi na kuinua upinde.

Wakaingia wote, safi kabisa, hakuna aliyebaki nyuma. Lakini Upinde alikuwa anawatazama, na aliona. Alipovuta ile pumzi, wote kumi na wanne, kuanzia Miwani, walitupa jicho juu kwanza, kwa yule aliyefumba macho, kuona kama ameruhusu.